Deni Lisilo na Mahali pa Kuandikwa

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya mabonde mawili yaliyodidimia. Mashariki kuna Ziwa Rukwa, ziwa la kina kifupi na maji ya magadi, lisilo na mto unaotoka. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari na kina chake kirefu kabisa ni kama mita 1,470. Mji wa Sumbawanga uko juu ya maziwa yote mawili, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800. Anayetaka kujua sakafu ya Tanganyika iko wapi hutoa kina kwenye mwinuko wa uso wake: 773 kutoa 1,470, jibu ni −697. Yaani chini kabisa ya ziwa hilo, katikati ya bara, pamezama chini ya usawa wa bahari kwa karibu mita 700. Namba hiyo ni tope na mwamba. Hakuna anayeweza kuiita ndoto ya wanahisabati. Sasa iandikwe kwenye kompyuta, katika nafasi ya biti 16 ambayo mwandishi wa programu ameitangaza kuwa ya namba zisizo na alama ya hasi. Mashine itaipokea bila kulalamika, na atakayeisoma atakuta 64,839. Shimo limekuwa mlima wenye urefu wa karibu Kilimanjaro 11 zilizopandishwa moja juu ya nyingine.

Kosa hilo si la mashine. Ndani ya kompyuta hakuna alama ya kutoa; kuna biti tu, kila moja ikiwa sifuri au moja. Biti 8 zinaweza kupangwa kwa namna 256. Ukikubaliana na wenzako kuzisoma bila alama, mipangilio hiyo inakuwa 0 hadi 255. Mkikubaliana kuzisoma kwa alama, kwa utaratibu ambao karibu kompyuta zote za leo zinaufuata, nusu moja inabaki kuwa 0 hadi 127 na nusu nyingine inakuwa −128 hadi −1. Mpangilio wa biti 8 ambazo zote ni moja ni 255 kwa msomaji mmoja na −1 kwa mwingine, na saketi inayojumlisha ni ileile kwa wote wawili. Haijui inahesabu mali au madeni. Kwa hiyo uhasi wa namba haukai katika namba iliyoandikwa. Unakaa katika ahadi kati ya aliyeandika na atakayesoma. Hapo ndipo jambo la ufundi linapogeuka kuwa swali la falsafa, na hata la imani. Je, chini ya hakuna kuna kitu? Na kama kipo, nani mwenye haki ya kuamua kwamba daftari fulani halitakuwa na nafasi yake? Hoja yangu ni kwamba upungufu ulionyimwa mahali pa kuandikwa hautoweki, bali hurudi umevaa sura ya wingi, na wanaoumia kwanza ni wale ambao maisha yao yako karibu na sifuri.

Waliokataa namba hasi hawakuwa wajinga, na inafaa kuwasikiliza kwanza. Mwaka 628 Brahmagupta wa India aliandika kanuni za kuhesabu akizitaja namba za aina mbili kwa majina ya mali na deni, na akaeleza kinachotokea vikijumlishwa, vikitolewa na vikizidishwa. Lakini miaka mia mbili baadaye huko Baghdad, al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake kiliipa aljebra jina, aliipanga milinganyo yake ili kila upande ubaki na viasi vya kuongeza tu. Na hata mwaka 1758, Francis Maseres wa London alichapisha kitabu kizima akitaka alama ya kutoa itumike pale tu kidogo kinapotolewa kwenye kikubwa. Msimamo wao una mantiki. Namba ni jibu la swali la vingapi. Waweza kuwa na mbuzi watatu, waweza kuwa na mmoja, waweza kukosa kabisa. Lakini hakuna zizi lenye mbuzi pungufu ya hakuna. Aliyefika kwenye sifuri amefika sakafuni. Kusema kuna kitu chini yake, wangesema, ni kuyapa maneno nguvu ya kuumba vitu.

Jibu lenye uzito zaidi kwa hoja hiyo lilitolewa mwaka 1763 na Immanuel Kant, katika insha aliyoiandika ili kuliingiza wazo la namba hasi katika falsafa. Kant alitenganisha aina mbili za kupingana. Kuna kupingana kwa maneno, kama kusema kitu kilekile kinakwenda na hakiendi kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni upuuzi. Na kuna kupingana kwa vitu halisi, kama merikebu inayotoka Ureno kwenda Brazil, ikisukumwa na upepo wa mashariki na kurudishwa na upepo wa magharibi. Pepo hizo mbili zote zipo, zote zina nguvu, na hakuna iliyo kasoro ya mwenzake. Moja tunaiita hasi kwa sababu tumechagua safari ya kwenda Brazil kuwa ndiyo chanya. Kwa hiyo namba hasi haisemi kwamba kitu hakipo. Inasema kwamba kipo, na kinaelekea upande usio wetu. Maseres na wenzake waliuliza vingapi, wakasahau kwamba mara nyingi tunauliza umbali gani na upande upi, kutoka mahali tulipopachagua sisi wenyewe kuwa mwanzo.

Wakazi wa Ufipa wanaishi ndani ya ukweli huo hata wasipoutaja. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, na desturi ya kompyuta ni kuandika latitudo za kaskazini kuwa chanya na za kusini kuwa hasi. Sumbawanga iko karibu na latitudo −8 na longitudo 31.6. Programu iliyoandikwa na mtu asiyewahi kuwaza kusini, ikaitupa alama hiyo, itaupeleka mji kwenye latitudo 8 kaskazini: mahali fulani katika mabonde ya Mto Nile nchini Sudan Kusini, kati ya Bor na Malakal. Kosa hili ni baya kuliko lile la mlima wa mita 64,839. Mlima ule kila mtu ataushangaa na kuukataa, lakini hapo Sudan Kusini ni sehemu halisi, ya nchi halisi, katika bara lilelile, na mwenye kuipokea taarifa hana sababu ya kuitilia shaka. Kumbe alama moja ndogo ndiyo inayobeba tofauti kati ya watu wa hapa na watu wa kule. Kuitupa kwa kuwa inaonekana kama doa la upungufu ni kuutupa mji wenyewe.

Hata hivyo mwelekeo ni upande rahisi wa jambo. Kusini si kaskazini iliyopunguka, na hakuna mtu wa Sumbawanga anayejiona amepungukiwa kwa kuwa latitudo yake ni hasi. Deni ni habari nyingine. Ndani yake kuna kukosa. Hapa teolojia ina neno la kale. Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, alifundisha kwamba uovu si kitu chenye asili yake mwenyewe, bali ni kupunguka kwa wema. Mtu anaweza kulichukua fundisho hilo na kulifanya wakili wa Maseres: kama upungufu si kitu, basi daftari la vitu halihitaji nafasi yake, na sifuri ndiyo sakafu. Lakini mapokeo yaleyale yana jibu. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alitofautisha kukosa kwa namna mbili. Jiwe halioni, wala hakuna anayeliita jiwe kipofu, kwa sababu kuona hakukuwa haki yake tangu mwanzo. Jicho lisiloona limekosa kitu kilichopaswa kuwepo. Kutokuona kwa jiwe ni kutokuwepo tu. Kutokuona kwa jicho ni upungufu, na upungufu unaumiza, unatafutiwa dawa, unahesabika.

Tofauti hiyo ndiyo hasa iliyo kati ya sifuri na namba hasi. Mtu ambaye hajawahi kukopa mbolea dukani ana sifuri katika kitabu cha mwenye duka. Aliyekopa mifuko miwili na hajalipa hayuko kwenye sifuri, ingawa mikono yake ni mitupu kama ya yule wa kwanza. Na Kant anaongeza jambo ambalo Augustino hakulihitaji: deni hilo haliko kwa mkopaji peke yake. Kilichoandikwa hasi katika kitabu cha mkulima kimeandikwa chanya katika kitabu cha mwenye duka. Alama ya hasi ni kamba inayofunga vitabu viwili. Ukiifuta upande mmoja umekata uhusiano, na kiasi cha upande wa pili kimebaki kinaning'inia bila mwenyewe. Wafipa wamekuwa wakilijua deni la namna hii katika ardhi yenyewe, kupitia matuta yao yaitwayo intumba: majani hufukiwa chini ya udongo yaoze, kisha tuta hubomolewa na rutuba yake kusambazwa kwa ajili ya zao linalofuata. Anayefukia majani amekubali kwamba shamba linamdai. Anayehesabu magunia aliyovuna tu ana daftari lisilo na alama, na udongo utachoka yeye akijiona tajiri.

Tuone sasa daftari la aina hiyo linafanya nini hasa linapowekwa kwenye kompyuta. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa mahindi nchini, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Sumbawanga. Hesabu za ghala si jambo la kubuni hapa. Chukua ghala lolote, la chama cha msingi cha ushirika au la mfanyabiashara, lenye magunia 300 ndani. Mwandishi wa programu anasema, kwa haki kabisa, kwamba hakuna ghala lenye magunia pungufu ya sifuri, kwa hiyo anachagua aina isiyo na alama ya biti 32. Kisha inakuja siku ambapo magunia yaliyoahidiwa wanunuzi ni 320, na programu inatoa walichoahidiwa kwenye kilichopo ili kujua kama bado kuna cha kuuza. Jibu la kweli ni −20. Jibu la mashine ni 4,294,967,276. Kwa gunia la kilo 100 hizo ni karibu tani milioni 430, mavuno ambayo Tanzania nzima haijapata kuyakaribia kwa mwaka. Ghala lililopungukiwa na magunia 20 limetangazwa kuwa na chakula cha bara zima.

Ubaya zaidi uko katika swali ambalo programu hiyo itajiuliza baadaye. Mwandishi mwangalifu ataweka ulinzi: kama kilichobaki si chini ya sifuri, ruhusu mauzo; kama ni chini ya sifuri, kataa. Lakini katika aina isiyo na alama hakuna kitu kinachoweza kuwa chini ya sifuri. Sharti litatimizwa siku zote, leo na mwaka ujao, ghala likijaa au likikauka. Hakimu yuko kitini, anasikiliza kila shauri, ila amenyimwa uwezo wa kusema hapana. Wanafalsafa wa maadili wamejadili kwa muda mrefu kuhusu dhamiri iliyokufa ganzi, dhamiri ambayo mwenyewe anaiuliza kila jioni na kila jioni inamjibu kwamba yu salama. Hapa tunaiona katika umbo lake tupu, bila hisia zozote za kuificha. Dhamiri hiyo haisemi uongo kwa kukusudia. Imeundwa katika lugha ambayo hatia haina neno lake. Wahenga waliosema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua walikuwa na mtu mbele yao, lakini hukumu yao inalifikia daftari pia.

Dini mbili zenye waumini wengi kati ya wasemaji wa Kiswahili zinalichukulia deni kama jambo linalopaswa kusemwa waziwazi. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, haihusu mbingu wala siku ya mwisho. Inaagiza deni la muda liandikwe, kwa uadilifu wa mwandishi na mbele ya mashahidi. Na sala ambayo Injili ya Mathayo inasema Yesu aliwafundisha wanafunzi wake, inayosaliwa kila siku katika parokia za Ufipa tangu wamisionari wa White Fathers walipofika kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, inaomba msamaha, katika maneno ya Injili hiyo, kwa lugha ya madeni. Agizo na ombi hilo vina sharti moja la pamoja: kinachosamehewa lazima kwanza kiwepo katika hesabu. Mdai anaweza kufuta −20 na kuandika sifuri, na kitendo hicho kina maana, kwa sababu ameacha kitu. Lakini hawezi kusamehe 4,294,967,276. Mbele ya namba hiyo hakuna deni la kufuta; kuna tajiri wa kutozwa kodi. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Msamaha nao ni dawa. Ila zote mbili zinamhitaji mgonjwa anayetambuliwa kuwa mgonjwa.

Pingamizi la kwanza kwa haya yote linatoka kwa mwandishi wa programu yuleyule wa ghala, nalo ni zuri. Atasema: vipo vitu ambavyo kwa asili haviwezi kuwa hasi, kama idadi ya magunia, ya watu katika kijiji, ya herufi katika jina. Kuchagua aina isiyo na alama ni kuusema ukweli huo ndani ya programu, na ukweli ukisemwa mapema makosa hupungua. Nakubali sehemu ya kwanza. Lakini magunia yaliyopo ni jambo moja, na tofauti kati ya magunia yaliyopo na yaliyoahidiwa ni jambo jingine. La kwanza ni jibu la vingapi. La pili ni jibu la upande upi. Kila hesabu yenye kutoa ndani yake inazaa tofauti, na tofauti ni namba yenye alama hata kama wazazi wake wote wawili hawakuwa nayo. Zaidi ya hayo, anachokiita katazo si katazo. Katazo la kweli lingesimamisha kazi na kusema kwamba jambo hili haliwezekani. Lugha ya Ada hufanya hivyo kwa aina zilizowekewa mipaka, na Swift husimamisha programu namba kamili inapovuka mpaka wake. Lugha ya C haifanyi hivyo. Kwa namba zisizo na alama inazunguka kimyakimya kutoka sifuri hadi mwisho wa juu. Tena ukiipa −1 ya aina yenye alama iilinganishe na 1 ya aina isiyo na alama, itakuambia kwamba −1 ndiyo kubwa. Mlinzi anayemgeuza mwizi kuwa mgeni mheshimiwa hajalinda mlango. Kwa hiyo pale ambapo uhasi hauwezekani kweli, nampa mpinzani wangu haki yake, kwa sharti kwamba kukataa kwake kusikike.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: namba zenye alama nazo huvunjika. Katika biti 8, ukiitafuta namba iliyo kinyume cha −128 utarudishiwa −128 ileile, kwa kuwa 128 haina nafasi. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya ya Ariane 5 iliangamia sekunde 40 hivi baada ya kuwashwa, kwa sababu kiasi kilichokuwa kikubwa mno kililazimishwa kuingia katika nafasi ya biti 16 yenye alama. Na katika C, namba yenye alama ikivuka mpaka wake, kanuni za lugha haziahidi matokeo yoyote. Basi kwa nini tuisifu alama? Jibu langu haliko katika kusema kwamba aina moja ni takatifu na nyingine ni najisi. Kila chombo chenye mwisho kina ukingo, na anayevuka ukingo huanguka. Swali ni ukingo umewekwa wapi. Namba yenye alama ya biti 32 ina kingo zake kwenye −2,147,483,648 na 2,147,483,647, mbali na shughuli nyingi za kila siku. Namba isiyo na alama imepata nafasi maradufu upande wa juu, na imeilipia kwa kuuleta ukingo wake wa chini hadi kwenye sifuri kamili.

Na kwenye sifuri ndiko waliko watu. Akaunti ya kampuni kubwa inaweza kutolewa mara elfu bila kuukaribia ukingo huo. Mkulima wa Ufipa mwezi Februari, mahindi yakiwa bado shambani na akiba ya mwaka jana ikielekea kwisha, ana salio ambalo leo ni kidogo juu ya sifuri na kesho ni kidogo chini yake. Muuza mchele sokoni, mwenye bodaboda, mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, wote wanaishi katika mtaa huohuo wa namba ndogo. Ukingo ukiwekwa hapo, umewekwa katikati ya kijiji. Waliounda aina hiyo hawakuwa na nia mbaya. Walitaka nafasi zaidi juu. Lakini hakuna nafasi inayopatikana bila mtu kuilipia, na hapa wanaolipa ni wenye kidogo, ili wenye vingi wapate kuhesabu mbali zaidi. Sidai kwamba kila anayechagua aina ya namba anatenda udhalimu. Nadai kwamba anagawa hatari kati ya watu, na anayegawa hatari kati ya watu anafanya jambo ambalo haki ina neno juu yake.

Mgawanyo huohuo unaonekana katika wakati. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Ikitumia biti 32 zenye alama, inaweza kufika nyuma hadi Desemba 1901, Ufipa ikiwa chini ya Wajerumani na kituo chao cha Bismarckburg kikiwa pale Kasanga; lakini mbele inakoma asubuhi ya tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 kwa saa za Afrika Mashariki. Mtu anaweza kupendekeza tiba rahisi: tuondoe alama, tupate hadi mwaka 2106. Tiba hiyo imelipiwa na wafu na wazee. Uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 Desemba 1961 umeandikwa kwa namba hasi, kama sekunde milioni 254 kabla ya mwanzo; ukisomwa bila alama utaonekana kuwa tukio la Januari 2098. Bibi aliyezaliwa Namanyere mwaka 1948 angehesabiwa kuwa hajazaliwa bado. Tiba bora ipo na inatumika: kupanua nafasi hadi biti 64, pamoja na alama yake, ili waliotangulia na watakaofuata wapate nafasi wote. Inagharimu kumbukumbu zaidi, na gharama hiyo inabebwa na mashine, ambayo haina njaa wala umri.

Linabaki pingamizi la mwisho, la mtu anayeona kwamba nimeibebesha hesabu mzigo usio wake. Mashine haina dhambi, atasema, na −20 haimlilii mtu. Ni kweli. Ndiyo sababu sijazungumzia makosa ya mashine tangu mwanzo. Biti hazikuchagua kusomwa kuwa mlima badala ya shimo. Mtu alichagua, pengine kwa haraka, pengine kwa kufuata mazoea ya mtu mwingine aliyekaa kaskazini mwa ikweta, mbali na madeni. Waliounda lugha ya Java, iliyotolewa miaka ya 1990, waliamua kutoweka kabisa aina za kawaida za namba kamili zisizo na alama; waliounda C waliziweka. Maamuzi yote mawili yalikuwa ya binadamu na yangeweza kuwa mengine. Tunapoanza kuzipa kompyuta kazi ya kutunza stakabadhi za ghala, mikopo ya pembejeo na tarehe za kuzaliwa, tunazipa pia maoni yetu kuhusu kipi kinaweza kuwepo. Mwandishi wa daftari la karatasi aliyekuta deni pasipo na safu ya madeni angeandika pembeni kwa kalamu nyekundu. Daftari la kompyuta halina pembeni. Kilichosahauliwa na aliyelibuni hakina pa kukaa, isipokuwa ndani ya safu isiyo yake na kwa sura isiyo yake.

Kwa hiyo kanuni ninazozitetea zinaweza kutumiwa na fundi asiyejali kabisa teolojia. Panapotolewa kitu kutoka kwa kingine, iwepo nafasi ya jibu hasi, hata kama vitu vyenyewe haviwezi kuwa hasi. Pasipowezekana uhasi kweli, mfumo usimame na kusema, usizunguke. Ukingo usioepukika usogezwe mbali na pale waliko watu wengi na wanyonge. Anayezifuata hizi tatu amekwisha kulijibu swali la Maseres kwa vitendo: chini ya sifuri kuna watu, na wana haki ya kuandikwa hapo walipo, kwa kiasi kilekile wanachodaiwa, ili siku ya kulipa au ya kusamehewa ijulikane ni nini kilicholipwa na ni nini kilichosamehewa.